Chandarua Juu ya Matumbawe

Kila siku akitoka shuleni, Sindano hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia dukani kwa baba yake, akatundika mkoba kwenye msumari nyuma ya mlango, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko bila sabuni, kisha akasimama mbele ya tangi. Sabuni ilikuwa marufuku. "Samaki hawaogi kama sisi," Baba alikuwa amemfundisha. "Tone moja tu la sabuni, kesho utawaokota wamelala ubavu."

Baba alikuwa mpima macho. Duka lake lilikuwa na chumba cha giza cha kupimia, kabati la fremu za miwani, na chumba cha kungojea chenye mabenchi. Kati ya mabenchi hayo ndipo lilipokaa tangi, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi. Samaki wawili wa rangi ya machungwa walizunguka ndani yake kama askari wa zamu. Lakini fahari ya tangi haikuwa samaki. Ilikuwa matumbawe: mengine yenye matawi, yaliyokaa juu kwenye mwamba, mengine laini, ya mviringo kama uyoga, yaliyojibanza chini penye kivuli. Watoto waliokuja wakilia kwa kuogopa kupimwa macho walisahau machozi yao wakiyatazama.

Sindano alipewa jina hilo kwa sababu ya wembamba wake, na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Lakini pale mbele ya tangi Baba alimwita jina jingine. Mteja akiuliza, "Haya mawe mnayafugia nini?" Baba alijibu, "Mimi ni wa macho tu. Muulizeni mtaalamu wangu." Hapo Sindano alijiweka sawa na kueleza kwamba hayo si mawe bali ni wanyama, kwamba ndani ya miili yao mnaishi vijimea vidogo mno, na vijimea hivyo hutumia mwanga kuwatengenezea chakula. "Bila mwanga wanakufa njaa," alimalizia. Mteja alitikisa kichwa kwa mshangao, na Sindano alijiona amerefuka.

Mambo yakawa hivyo mpaka alipokuja Taratibu.

Taratibu alikuwa binti wa mdogo wake Baba. Wazazi wake walikuwa wamepata kazi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mahali pasipo na shule ya karibu, basi msichana akaletwa akae nao. Umri wao ulikuwa mmoja. Jina alilipata humo humo nyumbani, kwa kuwa ukimwuliza kama anataka chai, aliitazama kwanza birika kabla ya kujibu.

Mama, fundi cherehani aliyeshona mapazia na vyandarua katika chumba cha mbele cha nyumba, alimpenda tangu siku ya kwanza. "Huyu hanikatizi maneno," alisema huku akitia uzi kwenye mashine. "Sijawahi kuona mtoto wa namna hii humu ndani."

Sindano alisikia, akajifanya hakusikia.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa neno moja. Taratibu alipofika alimwita Baba "Baba Mkubwa", kama ilivyopasa. Baada ya muda neno "Mkubwa" likadondoka njiani. Likabaki "Baba". Sindano alijua vizuri kwamba kaka wa baba yako ni baba yako. Hakuna mtoto asiyejua hilo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia "Baba" likitoka katika kinywa cha mtu mwingine, mezani kwenu, huku Baba akiitika "Naam, mwanangu," ni kitu kingine.

Sasa taa ya tangi ilikuwa imechoka. Ilikuwa taa ya tyubu ya miaka mingi, na mwanga wake ulikuwa umegeuka manjano kama karatasi kuukuu. Matumbawe yenye matawi yalianza kujikunja. Jumamosi moja Baba akawachukua wasichana wote wawili kwenda kwa muuza samaki wa mapambo kutafuta taa mpya.

"Mtaalamu wangu atachagua," Baba alisema njiani, na Sindano akatangulia mbele.

Dukani hakusita. Alielekeza kidole kwenye taa kubwa kuliko zote, yenye mwanga mweupe mkali uliomfanya mtu afumbe macho. "Hii! Hii ndiyo yenye nguvu!"

"Ina nguvu kweli," muuzaji alisema. "Ukitaka, utaianikia hata nguo."

Taratibu alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma. Mwishowe akauliza, "Samahani, Baba. Haya matumbawe yetu, kule baharini yalikuwa yanakaa juu juu au chini sana?"

Baba akageuka. Uso wake ukachangamka kama ulivyochangamka kila mtoto mdogo aliposoma herufi zote kwenye ubao wa kupimia. "Umeuliza swali lenyewe hasa!" akasema. Akaeleza kwamba maji hula mwanga. Kadiri unavyozama, rangi nyekundu na manjano hupotea, lakini buluu huenda mbali. Matumbawe mengi yamezoea mwanga ulioelemea kwenye buluu. Taa ya manjano au nyeupe tupu huufurahisha mwani tu, na mwani ukishamiri huyafunika matumbawe. "Kwa hiyo hatutafuti taa kali kuliko zote," Baba alisema. "Tunatafuta taa inayowafaa wanaokaa humo. Mtu akija kwangu simpi miwani yenye nguvu kuliko zote, maana nitamtumbukiza mtaroni."

Wote walicheka isipokuwa mmoja.

Walinunua taa ya wastani yenye swichi mbili, moja ya mwanga wa buluu na nyingine ya mweupe. Muuzaji akawaonya: hata hiyo ilikuwa na nguvu mara nyingi kuliko tyubu yao kuukuu, na haikuwa na kitufe cha kupunguzia. Matumbawe yaliyozoea kiza yakipigwa ghafla na mwanga huungua. Hufukuza vile vijimea vyao, yakabaki meupe kama mifupa. Lazima yazoeshwe kidogo kidogo.

"Tutayazoesha vipi bila kitufe?" Baba alijiuliza usiku huo wakati wa chakula.

Taratibu alitafuna, akameza, akafikiri. "Mama Mkubwa ana vipande vya chandarua. Tukitandika vitano, kimoja juu ya kingine, chini ya taa, vitakuwa kama kivuli. Halafu kila baada ya wiki mbili tunatoa kimoja."

Mama akapiga meza. "Haya! Mnaona faida ya kutafuna kabla ya kusema?"

Kesho yake Mama alitengeneza fremu nyembamba ya mbao, akashikiza vipande vitano kwa uzi, na fremu ikawekwa juu ya tangi. Cherehani ya Mama ilikuwa ya kwao Sindano, tangi lilikuwa la kwake na Baba. Sasa mgeni alikuwa amevishona pamoja. Sindano alilala amegeukia ukuta.

Wiki hiyo wateja walipata cha kutania. "Jamani, tangi limevaa shela! Harusi lini?" aliuliza mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani.

Baba akacheka, akamshika Taratibu begani. "Muulizeni mtaalamu wangu."

Sindano alikuwa nyuma ya kabati akifuta fremu. Kitambaa kikamkwama mkononi. Alisubiri Baba agundue kosa lake, aseme, "Yaani, mmoja wa wataalamu wangu." Baba hakusema. Taratibu akaanza kueleza, pole pole, neno kwa neno, yale yale ambayo Sindano alikuwa akiyaeleza. Tangu hapo Sindano akitoka shule hakusimama tena mbele ya tangi. Aliketi benchi la mwisho na kitabu wazi, macho yakiwa kwa Taratibu, si kwenye kitabu.

"Huji kulisha samaki?" Taratibu alimwuliza.

"Wana mtaalamu wao."

"Mimi sijui kiasi. Nakuomba unionyeshe."

"Fikiri. Si ndiyo kazi yako?"

Alasiri moja Baba alikuwa chumba cha giza na mgonjwa, na Taratibu alikuwa ametumwa kurudisha fremu ya miwani kwa jirani. Sindano akalitazama tangi. Chini ya chandarua mwanga ulikuwa hafifu, kama wa chumba chenye pazia. Akawaza: na kama vyandarua hivi havina kazi yoyote? Taa ikiwaka vizuri na matumbawe yasidhurike, Baba ataona kwamba mambo ya huyu ni mbwembwe tu. Akainua fremu, akakata uzi kwa meno, akachomoa kipande cha chini kabisa. Akakikunja, akakitia mkobani. Cha juu kilibaki palepale.

Hakuna aliyeona. Baada ya siku mbili akachomoa kingine. Kisha kingine. Baba alisimama mbele ya tangi, akasugua miwani yake. "Naona kama limeng'aa zaidi. Au macho yangu yamezoea," akasema, akaenda zake. Mpima macho mzima! Sindano karibu acheke. Akachomoa cha nne, vyote akavificha chini kabisa ya gunia la vitambaa la Mama. Juu ya tangi kilibaki kipande kimoja, na kwa aliyetazama kutoka mbele, mambo yote yalikuwa kama yalivyopangwa.

Matumbawe ndiyo yaliyosema. Kwanza uyoga wa chini ulijikunja kama ngumi. Kisha ncha za matawi zikapauka, weupe ukashuka taratibu mpaka kwenye shina. Kabla hata ya siku ya kutoa kipande cha kwanza, nusu ya mwamba ilikuwa imefifia kama nguo iliyosahauliwa juani.

Taratibu aliona kabla ya wengine. Hakula vizuri siku hiyo. Alipima chumvi ya maji, akapima joto, akapima tena. "Vyote viko sawa," alimwambia Baba, na sauti yake ikakatika. "Basi ni taa. Mimi ndiye niliyewafanya mchague taa hii."

"Tulichagua wote," Baba alisema, lakini uso wake ulikuwa umeanguka. Alikaa benchini akatazama tangi. "Nafikiri tumefika mwisho. Kesho nitairudisha taa. Matumbawe yaliyobaki nitampa muuzaji, labda atayaokoa. Tutabaki na samaki, na ile tyubu ya zamani inawatosha."

"Nisamehe, Baba," Taratibu alisema. "Sitaligusa tena. Nina mkono mbaya."

Hiki ndicho Sindano alichokuwa akikiombea: Taratibu aondoke mbele ya tangi. Ameondoka. Mbona basi mate yalikuwa machungu? Hakuwa amewaza habari za matumbawe kuondoka. Alikuwa amewaza mtu mmoja tu siku zote hizo, na sasa lile tangi lenyewe, la kwake na Baba, ndilo lililokuwa likienda.

Chumbani, Taratibu alijifunika shuka mpaka kichwani. Shuka lilikuwa likitikisika.

"Usilie," Sindano alisema. Ilitoka kavu.

"Nimeharibu kitu chenu," shuka lilijibu. "Nilitaka angalau mnione nina faida hapa."

Asubuhi Baba alikuwa amekwisha kupanda kiti kuifungua taa. Mama alikuja kusaidia kushika waya. Taratibu alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja msibani. Sindano aliingia na gunia la vitambaa, akalimwaga sakafuni, akatoa vipande vinne vya chandarua vilivyokunjwa.

"Taa haina kosa," akasema. "Hesabuni vilivyo kwenye fremu."

Mama aliinua fremu, akaiweka mbele ya dirisha, akaona mkono wake mwenyewe ng'ambo. Akapapasa mahali uzi ulipokatwa. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Sindano alikuwa na maneno mengi kila siku. Sasa aliyatafuta akapata machache. "Baba alimwita mtaalamu wake."

Mteja aliyekuwa amechungulia mlangoni akarudi nyuma, akajifanya anasoma bei za fremu dirishani.

"Kwa hiyo ukaona uwaunguze viumbe wa watu," Mama alisema. Hakupaza sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mwenzio analia usiku, anajilaumu, nawe umelala kitanda cha pili unamsikia. Ningekuwa na jina la kukuita sasa hivi ningekuita, lakini nimekuzaa mimi, litanirudia."

"Mama Sindano, tumwokoe mgonjwa kwanza," Baba alisema akishuka kwenye kiti. "Kesi baadaye."

Wakafanya kazi. Mama alishikiza vipande vyote vitano upya, akaongeza cha sita. Baba alizima mwanga mweupe, akaacha wa buluu tu, na kwa saa chache za mchana. Saa nyingine zote giza, kwa sababu hata matumbawe yenye afya yanahitaji usiku wake. Sindano aliambiwa ayashushe matumbawe ya matawi kutoka juu ya mwamba hadi penye kivuli. Alinawa mikono bila sabuni, akaizamisha majini.

Kisha akamgeukia Taratibu. "Nisamehe."

Taratibu alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko siku zote. "Uliniacha niombe msamaha kwa kosa lako," akasema hatimaye. "Nitakusamehe. Lakini si leo."

"Haki yake," Mama alisema. "Msamaha si chai, kwamba ukiagiza unaletewa."

Siku zilizofuata Sindano alikuwa na adhabu yake: kusugua mwani kwenye kioo kila alasiri na kubeba ndoo za maji ya kubadilishia. Hakunung'unika. Taratibu alikuwa akija, anapima chumvi, anatamka namba, anaondoka. Mazungumzo yao yalikuwa namba tu. Tumbawe moja lenye matawi halikupona; lilibaki jeupe, mwani ukalivaa, Baba akalitoa. Sindano alijua lilikuwa lile la zamani kuliko yote.

Mengine yalitaka muda. Alasiri moja, Sindano akisugua pembe ya kioo, aliona kidoa cha kahawia kwenye shina moja jeupe, kidogo kama punje ya mchele. Akadhani ni uchafu. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Hakikuwa uchafu.

"Taratibu! Njoo! Njoo haraka!"

Na Taratibu, kwa mara ya kwanza tangu afike katika nyumba ile, akakimbia. Wakabandika nyuso zao kwenye kioo, shavu kwa shavu.

"Vijimea vimerudi," Taratibu alinong'ona.

"Na uyoga, ona, umefungua mdomo!"

"Hauna mdomo huo, Sindano."

"Unao! Uko katikati, mjinga wewe!" Wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla, kama waliokumbuka kwamba walikuwa hawaongei.

Baba alikuwa amesimama mlango wa chumba cha giza, akiwatazama. Alikuja akaketi benchini, akamvuta Sindano karibu.

"Mwanangu, mimi pia nina kosa," alisema. "Nililitoa jina lako bila kufikiri, na sikukuona nyuma ya kabati. Kazi yangu ni macho, na sikuona. Lakini nikuulize. Tangu mwenzio alipokuja, nilikufukuza mbele ya tangi hili?"

"Hapana, Baba."

"Nilisema usinawe mikono? Usilishe samaki?"

"Hapana."

"Mwenzio alikuomba umwonyeshe, ukakataa. Basi nafasi yako hakuna aliyeichukua. Uliiacha mwenyewe, ukaenda kukaa benchi la mwisho kumlinda mwenzio asifurahi. Huo ndio wivu. Mwenye wivu huwa na kazi ngumu kuliko watu wote, na mwisho wa mwezi halipwi. Wewe umelipwa tumbawe lililokufa." Akaelekeza kidole kwenye tangi. "Matumbawe haya, mengine yanataka mwanga mwingi, mengine kidogo. Nikimsogeza mmoja kwenye mwanga kwa sababu anauhitaji, sijamzimia mwingine taa. Taratibu yuko mbali na wazazi wake. Nikimwitikia 'mwanangu', wewe hupungui hata chembe. Umenielewa?"

Sindano alitikisa kichwa kukubali.

"Tena ujue," Baba aliongeza, "kama usingemwaga lile gunia, leo hapa pangekuwa na samaki wawili na tyubu ya manjano. Kusema kweli ulichelewa, lakini ulisema. Hilo nalo nimeliona."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia bwana mmoja na mtoto mdogo aliyekuwa akilia kwa sauti, ameng'ang'ania suruali ya baba yake. Mtoto akaliona tangi, kilio kikakatika katikati. "Mbona mawe yana rangi?" akauliza.

Baba alifungua kinywa, akakifunga, akaingia chumba chake cha giza.

Sindano alimtazama Taratibu. Ulimi ulikuwa ukimwasha. Maneno yote yalikuwa tayari.

"Anza wewe," akasema. "Mimi nitaongezea."

Taratibu alifikiri kidogo. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kando yake. "Si mawe," akamwambia mtoto. "Njoo karibu. Huyu dada yangu atakuonyesha mdomo wa uyoga."